Jogoo wa Kuzunguka

Nilimtilia shaka jogoo yule tangu dakika alipotangazwa kuwa wangu. Alikuwa mwekundu, kilemba chake kimelalia jicho moja, na nilimsafirisha kutoka Mazinde hadi Handeni akiwa chini ya kiti cha basi, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Kwenye stendi ya Korogwe, nilipobadilisha gari, kondakta aliniuliza kama huyu naye ana tiketi. Abiria walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na swali moja: watu wale walinipa jogoo ili wapate nini kwangu?

Swali hilo halitaeleweka nisipoeleza hali niliyokuwa nayo. Tasnifu yangu ilikuwa imerudishwa. Jopo la watahini halikuikataa. Liliandika tu kwamba sura ya nne imesimama juu ya masimulizi ya mtu mmoja, kwamba fomu ya ridhaa ya mtu huyo haimo, na kwamba bila sahihi yake sura hiyo haiwezi kupokelewa. Mtu huyo alikuwa bibi mmoja wa Mazinde, aliyeanika singa za mkonge kwenye shamba kubwa tangu usichana wake hadi mikono ilipokataa. Mwaka uliotangulia nilikaa barazani kwake alasiri mbili, simu yangu ikirekodi, naye akazungumza kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Nilipoondoka, fomu ilibaki ndani ya mkoba wangu. Niliisahau. Nimejaribu mara nyingi kuupamba ukweli huo na haupambiki.

Barua ya jopo ilinitikisa kuliko ilivyostahili. Nilihama chumba changu cha chuoni nikaenda Handeni kwa mama mdogo, na huko nikaanza kuyasoma maneno ya watu kama mtu anavyosoma mkataba asiouamini. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu, nilitafuta sababu. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyetuletea futari kila mwezi wa Ramadhani, hata yeye nilimfikiria kwa muda mrefu usio na haki: kwa nini kila mwaka, na kwa nini bakuli kubwa hivyo?

Mama mdogo aliuza nafaka sokoni na aliimba kwaya. Kila alfajiri aliniita tuombe pamoja, nami nilikwenda, kwa sababu nilikuwa na jambo la kuomba. Niliomba bibi asaini. Niliomba kwa utaratibu, nikitaja wilaya na kijiji, kana kwamba ombi lingeweza kupotelea njiani.

"Wewe mwanangu unaomba kama mtu anayejaza fomu," aliniambia asubuhi moja, akipepeta choroko. "Jina, tarehe, unachotaka, sahihi."

"Na wewe mama unaombaje?"

"Mimi kwanza nasalimia."

Niliona ni mzaha. Sasa sina hakika.

Niliporudi Mazinde na fomu yangu, bibi alikuwa akichambua mboga barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi kuchukua nini tena?"

Alisema hivyo akitabasamu, lakini neno lile "tena" nililitafuna mchana mzima. Nilikumbuka kwamba mwaka uliotangulia nilijitambulisha kwa kusema nimekuja kuchukua maelezo, bila kufikiri kwamba kwa watu wengi wanaochukua maelezo ni polisi. Nilikumbuka pia kwamba siku zile mbili nilikula mapapai yake na kuondoka na ndizi zake, nami sikupeleka hata kipande cha sabuni. Nilikuwa na hoja ya kitaaluma: zawadi kwa msimuliaji huharibu ushahidi. Kuhusu zawadi zinazotoka kwa msimuliaji, mwongozo wa utafiti wa chuo ulikuwa kimya, na ukimya huo niliutafsiri kwa faida yangu.

Bibi aliitazama fomu bila kuishika. "Njoo Jumapili tusali kwanza," akasema. "Karatasi haitaoza."

Nilishuku kwamba anataka kunionyesha kwa watu, au kunipima. Nilikwenda hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumapili ya sadaka ya mavuno. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mahindi, miwa, maboga, mayai kwenye sufuria na kuku kadhaa waliofungwa miguu, ambao waliitikia mahubiri mahali pasipostahili. Baada ya ibada tulitoka nje, na mzee mmoja wa kanisa mwenye sauti ya kupasua akaanza kunadi. Mnada huo naufahamu tangu utotoni, au nilidhani naufahamu: watu hununua vile vilivyotolewa, na fedha huingia kwenye sadaka.

"Jogoo huyu hajawahi kukosea saa!" alipaza sauti. "Mwenye usingizi mzito huyu ndiye wake!"

Mwanamume mmoja wa nyuma, nisiyemjua, alimnunua. "Nampa mgeni wetu," akasema.

Vigelegele vilipigwa. Jogoo aliwekwa mikononi mwangu, mzito na wa moto kuliko nilivyotarajia. Mzee wa kanisa alinitazama, mkono wake ukiwa bado umenyooshwa.

"Mgeni, unasemaje?"

"Nasema asanteni sana."

"Tumesikia. Halafu?"

"Mungu awabariki."

Watu wachache walicheka. Mzee alimtazama bibi. Bibi alitazama ardhi. Kisha mzee akaokota mzigo wa miwa na mnada ukaendelea, ila nilihisi kitu kimepungua katika ile furaha, kama redio iliyopunguzwa sauti na mtu asiyeonekana. Niliwahesabia kosa wao. Tulipokuwa tukiagana nilitoa fomu, jogoo akiwa kwapani, na bibi akasema, "Leo mikono yako imejaa. Tutaonana siku nyingine."

Ndani ya basi nilifikia hitimisho ambalo wakati ule niliona halina ufa: jogoo alikuwa mbadala. Nimepewa ndege ili nisidai sahihi.

Mama mdogo alipomkuta jogoo amefungwa kwenye nguzo ya uani, nilimsimulia kila kitu kwa mpangilio, pamoja na hitimisho. Alikaa kwenye kigoda. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Ukaondoka naye?"

"Nilipewa."

"Ulipewa umpe mwenzio, mwanangu! Huyo ni jogoo wa kuzunguka. Makanisani kwetu mgeni akipewa kitu mnadani anashukuru, anakitaja cha nani. Cha kwaya, au cha mjane, au anakirudisha kinadiwe upya. Kinazunguka hata mara tano. Ndiyo raha yenyewe. Ndiyo maana mzee alikuwa amekunyooshea mkono."

"Hakuna aliyeniambia."

"Alikuuliza, 'Halafu?' Ulitaka akuandikie barua?"

Nilijitetea. Nilisema kwamba desturi isiyotamkwa haiwezi kumbana asiyeijua. Kwamba inawezekana bibi alinipeleka pale makusudi anitege. Mama mdogo alinisikiliza akimwagia jogoo punje za mtama, na niliponyamaza akasema kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi, "Ulipewa, ukasema asante, ukaondoka. Si ndivyo ulivyofanya na masimulizi yake?"



Wiki ile nilimwona jogoo kila nilipotoka nje. Aliwika kwa wakati, kama alivyosifiwa. Nilijaribu kuomba na nikagundua kwamba maombi yangu yote tangu nifike Handeni yalikuwa na kitenzi kimoja: nipe. Nilimwendea Mungu kama nilivyolijia baraza la bibi, simu ikirekodi na mkoba ukiwa wazi. Alfajiri moja, mama mdogo akiwa amepiga magoti kando yangu, nilijaribu kuanza kwa salamu. Nilisema shikamoo. Nilijisikia mjinga, na mara nikashuku kwamba hata salamu ile nimeitoa ili nisikilizwe vizuri zaidi. Lakini nilikaa pale kwa muda bila kuomba kitu, na hilo lilikuwa geni kwangu.

Niliamua kurudisha vyote viwili, jogoo na maneno. Nilichapisha masimulizi ya bibi yote kama yalivyokuwa kwenye sura ya nne, nikanunua sukari na sabuni, nikapanda basi la kwanza la Jumapili. Tatizo lilikuwa moja na nililiona waziwazi: nikimrudishia maneno yake, nitakuwa nimesimama mbele yake nikisubiri anihurumie na asaini. Kutoa kungekuwa mbinu nyingine ya kuchukua, tena nzuri kuliko ya kwanza. Kwa hiyo Korogwe, kabla ya kupanda gari la pili, niliketi kwenye benchi la stendi nikawaandikia watahini barua pepe kwamba ninaiondoa sura ya nne. Niliisoma mara sita. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Muuza karanga mmoja alinijia. "Dada, huyo jogoo unauza?" Nikasema hapana, huyu si wangu, na nikatuma.

Mazinde, baada ya ibada, nilimweleza mzee wa kanisa kosa langu kwa sentensi ndefu niliyoiandaa njiani. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akamwinua jogoo juu ya vichwa vya watu.

"Jogoo wetu amerudi kutoka masomoni!"

"Amehitimu?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Wapi! Amerudishwa akarekebishe!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nilichunguza nyuso moja baada ya nyingine kuhakikisha kwamba hawajui habari za tasnifu yangu. Hawakujua. Jogoo alikwenda kwa kwaya, kwaya ikampa mchungaji, mchungaji akamrudisha. Nikamnunua mimi, nikamtaja kuwa wa bibi. Bibi hakumgusa hata unyoya. Alisema kwa sauti kavu kwamba kuna mzazi aliyejifungua juzi, nyumba ya tatu kutoka kanisani, anayehitaji supu. Safari ya jogoo iliishia hapo, na mwili wangu wote ulipata wepesi ambao sikuuamini mara moja.

Barazani kwake nilimkabidhi bibi sukari, sabuni na kurasa. Aliziweka sukari na sabuni kando, akazishika kurasa.

"Unarudisha ili nisaini?"

Alikuwa na shaka sawa na yangu. Sikujua kama nifurahi au niogope.

"Hapana, bibi. Nimeshawaandikia kwamba nimeitoa sura yote."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukuletea."

Aliguna, akavaa miwani yake, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, nami nilikaa nikisikiliza kuku wa jirani. Kwenye ukurasa wa tatu alisimama.

"Hapa. 'Niliteseka.' Mimi sikusema niliteseka."

"Ulieleza ile miaka ya kuanika singa, jua na mikono..."

"Nilisema nilichoka. Kuchoka ni kuchoka. Kuteseka lazima awepo wa kukutesa, na mimi sikukutajia mtu." Alinitazama juu ya miwani. "Ulitaka niteseke, mjukuu wangu?"

Hoja nzima ya sura ya nne ilisimama juu ya neno lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa shutuma kwamba nilichukua alichonipa. Sikujiandaa kusikia kwamba nilichukua ambacho hakunipa. Miezi yote ile nilimshuku kila mtu, isipokuwa mwandishi wa ukurasa wa tatu.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Nadhani nilitaka. Nisamehe."

Aliomba kalamu. Kwa sekunde moja nilidhani anasaini, naungama. Akalikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "nilichoka", akazikunja kurasa na kuziingiza chini ya mto wa kiti chake. Fomu hakuitaja. Alinimenyea papai, na safari hii nilimmenyea yeye nusu ya pili.

Tasnifu ilipita ikiwa nyembamba, kwa daraja la chini kuliko nililolitaka. Bado inaniuma, sitasema haiumi. Hata hivyo, sasa nikikaa na mama mdogo alfajiri, kuna siku salamu inatosha.

Miezi kadhaa baadaye kondakta alipiga simu: kuna mzigo wangu stendi ya Handeni, umetoka Mazinde. Ulikuwa mfuko wa maharage, umeshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Niliukata jikoni nikiwa bado na viatu, nikauingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa pembe zote za chini. Mama mdogo alinitazama kutoka mlangoni.

"Unatafuta nini humo?"

"Labda ameweka karatasi."

"Ameweka?"

"Hapana. Ni maharage tu."

Tulipika jioni ile ile, mapema. Nilijaza bakuli kubwa, nikalifunika, nikavuka uzio wa minyaa kwenda kwa jirani yetu. Haukuwa mwezi wa Ramadhani wala sikukuu ya mtu yeyote. Alilipokea kwa mikono miwili, akanitazama.

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Maharage."

Alishukuru. Nilipofika kwenye uzio niligeuka, nikamwona ameinua kifuniko na anakoroga taratibu kwa mwiko, akichungulia kama kuna kitu kingine chini yake.