Biashara ya kufungisha boti Kindu: nguzo ya nne ilivyoniumbua

Wakuu, salaam kutoka Kindu, Maniema. Haya si ya kusimuliwa, yamenikuta mimi mwenyewe kiangazi hiki na mpaka sasa sijatulia. Sitatia chumvi.

Mnaoujua mto Lualaba mnaijua fujo ya pale ukingoni, mtaa wa Kasuku. Boti zinazotoka Lokandu zinafungwa popote: kwenye mti, kwenye jiwe, hata kwenye boti ya mwenzio. Asubuhi unakuta yako imekwenda na maji.

Nikaona hapa pana biznesi. Nisimamishe mabomba ya chuma majini yawe nguzo za kufungia, kila moja na namba yake, niweke mlinzi, mwenye boti alipe kwa wiki. Karatasi ya ruhusa nikapata. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Tatizo likawa moja tu, Mama Zaina.

Huyu ni mama mtu mzima, anauza samaki wa moshi kwenye karai, na amekaa pale pale ukingoni tangu enzi za vita. Mimi nilitaka pale pawe njia ya kushushia mizigo. Nikamwomba ahamie sokoni.

"Mutoto yangu, hapa siwezi kutoka."

"Mama, soko iko pale juu, watu njo wako kule." (Njo kwetu ni ndio.)

"Uniache tu hapa."

Wakuu, nilimhamisha. Nilibeba karai lake kwa mikono yangu mbele za watu, nikaenda kulitua sokoni huku nacheka.

Nguzo tatu za kwanza ziliingia vizuri. Ya nne, mbele kabisa ya pale alipokuwa anakaa, ikagoma. Nikawaambia mafundi wapige nyundo bila huruma. Ikalia kwaa! Ikazama ghafla, na juu ya maji kikaelea kipande cha ubao chenye lami.

Maji yalikuwa ya kifuani. Tukapapasa chini.

Kulikuwa na boti! Nzima, imejazwa mawe yaliyopangwa kwa mkono, na bomba langu limeitoboa katikati.

Tukiwa bado tumeduwaa, Mama Zaina akaja mbio kutoka sokoni, akaingia majini na nguo zake.

Ndipo akanieleza mwenyewe. Wakati wa vita wenye silaha walikuwa wanachukua kila boti, na mwenyewe analazimishwa kuiendesha. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo watu walizijaza mawe wakazizamisha kuzificha. Mume wake alizamisha ya kwao, akamwambia alinde mahali na asimwambie mtu, kisha akaenda kwa miguu kumchukua mama yake mzazi kule Punia.

Hajarudi mpaka leo.

Miaka yote hiyo sisi tunadhani anauza samaki, kumbe yuko zamu. Kila kiangazi alikuwa anaingia majini eti anaosha karai, kumbe anaondoa matope.

"Mama, juu ya nini haukusema? Vita ilikwisha, tungeipandisha."

"Bwana yangu njo aliizamisha. Yeye njo ataipandisha."

Nikamwambia nitaiziba, nitamchongea hata nyingine mpya. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshika kile kipande cha ubao, anakifuta kwa kitenge chake.

"Sasa siku atarudia," akaniuliza taratibu, "nitamuambia nini?"

Nguzo zote nne nimezing'oa. Mama amerudi mahali pake. Nikipita ananisalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Kuuliza si ujinga, wakuu. Mimi niliuliza ruhusa ofisini, niliuliza bei ya mabomba, lakini yule mama sikumuuliza anangoja nini pale. Ukimkuta mtu amekaa mahali miaka na miaka, anza na yeye.

Lile swali lake sina jibu. Mwenye nalo aandike hapa chini, nitampelekea kesho asubuhi.