Goti Lililopona Jumapili Tu

Jamani, mimi ni muongo, tena muongo wa kanisani! Nimelibeba hili mpaka limenichosha, na kwa kuwa hamnijui, afadhali niwaambie nyinyi.

Nliteleza sokoni Mwanakwerekwe kwenye maji ya samaki, goti likavimba kama fenesi. Dawa nikanywa, mafuta ya karafuu nikachua, wapi! Wenzangu wa jumuiya wakasema watakuja nyumbani kuniombea.

Wakaja, nami nimewapikia pilau. Basi mzee wetu wa maombi akalishika goti, akaomba, akaomba, jasho linamtiririka, na pilau linapoa jikoni, mimi njaa inaniuma. Akifungua macho ananiuliza, "Mama, unasikiaje?" Nikisema bado, anaanza upya!

Mwisho nikasimama. "Nimepona!"

Lo! Vigelegele! Watu walinikumbatia, wakalia, pilau likaliwa kwa shangwe. Nikajiambia, kauongo kenyewe kadogo, na kila mtu kafurahi.

Thubutu! Jumapili naitwa mbele nitoe ushuhuda. Jumapili ya pili, "Mama, hebu ruka kidogo watu waone!" Na mimi naruka! Machozi ya maumivu yananitoka, wao wanadhani ni Roho. Nikishafika mtaani kwetu, nachechemea huku nimeshika kuta.

Jirani yangu Bi Mwanaasha, Muislamu, alinitazama weee, yuko zake barazani. "Shoga," akanambia, "goti lako mbona linapona Jumapili tu?"

Nlicheka. Kumbe kuna mtu analia kwa sababu yangu.

Kuna Mama Tumaini, tunayekaa naye benchi moja. Nyonga yake mbovu miaka na miaka, anatembelea bakora. Kanisani hakosi. Husema akikaa pale akaimba, anapata nguvu za wiki nzima. "Mie nakaa na Yesu wangu tu," husema, "hata asiponiponya."

Ghafla akaacha kuja. Nikamfuata kwake, nikamkuta kalala, Biblia kaifungia kabatini.

"Wewe kakuponya jioni moja tu," akanambia. "Mimi nimemkosea nini? Nlidhani ananipenda."

Maskini mimi! Maneno yale yaliniuma kuliko goti. Nimemwibia mwenzangu faraja yake, kisa sahani ya pilau!

Nikapandisha gauni, nikamuonesha. "Sijapona. Nlidanganya. Nlikuwa na njaa."

Akalitazama goti. Akalibonyeza kwa kidole, nikapiga ukelele. Akalibonyeza tena, makusudi! Kisha akainua mikono juu. "Asante Yesu! Hajapona huyu! Hajapona!"

Sijawahi kusikia mtu akimshukuru Mungu hivyo kwa ugonjwa wangu. Akanipiga bakora moja ya mgongo, tukacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Halafu akanambia niombe mimi, muongo mimi. Nikaomba. Goti likabaki vile vile, lakini haki ya Mungu, tangu nianguke ndiyo siku ya kwanza nlihisi siko peke yangu.

Jumapili ile nlisema yote mbele ya watu. Aibu nliyoipata, wacheni tu. Wengine mpaka leo hawanisalimu, na mzee wa maombi akija kwangu hagusi pilau.

Lakini mimi na Mama Tumaini tunakwenda pamoja sasa, tumeshikana, bakora moja. Bi Mwanaasha alipotuona tunachechemea na nguo zetu za kanisani, akasema, "Alhamdulillahi, shoga. Leo ndiyo umepona."

Basi ndugu zangu, mkiulizwa mnasikiaje na bado panauma, semeni panauma! Mungu hajaomba mumsaidie kwa uongo. Na kabla hujasimama kushuhudia, mtazame aliyekaa ubavuni mwako, asije akarudi kwake akaifungia Biblia kabatini kwa sababu yako.

Na wageni wa maombi, nawasihi, walisheni kwanza!