Samaki Aliyepoa Nateete

Simu ililia Jumatatu kabla sijanywa chai, nikaogopa hata kabla ya kuipokea, maana aliyepiga hana kawaida ya kupiga asubuhi. Ni mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge mtaani Nateete, mwenzetu katika kikundi cha kupanda vilima siku za Jumamosi. Alisema afande hatunaye tena, ameondoka usingizini nyumbani kwake. Nilibaki kitandani na soksi moja mguuni, nikiwaza jambo la ubinafsi kabisa: sasa nani atatembea nyuma yangu? Wasomaji wangu mnajua mimi ni mwoga na sioni haya kulisema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, basi mimi nimechagua kicheko. Marehemu alikuwa askari mstaafu, mtu wa kaskazini mwenye sauti nzito, na kila safari alishika nafasi ya mwisho ili asisahaulike mtu kilimani.

Siku moja tu hakuwa nyuma. Tulikuwa tumepanda kilima kimoja chenye msitu, magharibi ya mji, tukalitazama ziwa likimetameta kwa mbali na kupigana picha kama watalii. Njaa ilipotushika tulimbembeleza afande atangulie Nateete akatuagizie chakula, kwa sababu hoteli yetu ile hukaanga samaki polepole mno. Akakubali shingo upande. Tulipofika, tukanawa, tukaketi, sahani zikaja, na moja ikakosa mwenyewe. Ilikuwa ya yule mama. Kila mmoja alidhani amepanda pikipiki ya boda akatangulia nyumbani. Simu yake haikupatikana. Afande aliitazama ile sahani, akasimama bila kula, akanishika mkono mimi niliyekuwa karibu naye. Nilitamani nijifanye naumwa tumbo.

Tulirudi kwa boda, mvua ikiwa imekwisha kunyesha na jua likizama. Ukungu ulikuwa umeshuka, miti yote ikafanana. Afande aliita jina la yule mama kwa ile sauti yake ya gwaride, msitu ukanyamaza. Akaita tena, na tena. Mimi kila tawi lililovunjika nilidhani ni nyoka au mtu mwenye panga, na nilishaanza kuwaza tutawaambia nini watoto wake. Ghafla afande akaacha kuita. Uso wake ulibadilika, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba naye anaogopa, tena kuliko mimi.

“Wacha tunyamaze,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Huyu anatusikia. Sauti yangu ndio inamtisha.”

Akaketi juu ya gogo lililolowa, akanivuta niketi, akaanza kulalamika kama mtu aliye sebuleni kwake. “Hii samaki yake itapoa bure,” akasema. “Na ule msichana wa hoteli atapea mtu mwingine. Ameweka nyanya mingi leo, na pilipili pembeni, vile anapenda.” Akaendelea hivyo, samaki, pilipili, ndizi. Mimi nilidhani amechanganyikiwa. Kisha kichakani, karibu kabisa, karibu kiasi cha kututia aibu, mtu akaanza kulia.

Mama alikuwa ameteguka mguu alipotoka njiani kuchuma uyoga. Alitusikia tangu mwanzo. Lakini huko kwao alikokimbia vita, askari akikuita jina lako msituni, huitiki. Ndugu zake walioitika hawakurudi. Mwili wake ulikataa, alisema, hata alipojua ni sisi. Tulimbeba hadi barabarani, tukarudi Nateete, na samaki akaliwa baridi. Afande hakugusa chakula chake. Alimwambia tu, macho mezani, kwamba naye zamani aliwahi kuita watu msituni, na kwamba wengine hawakuitika.

Tangu jioni ile siwatazami tena majirani zangu wa mji huu kwa wepesi. Tunakaa meza moja, aliyekimbia na aliyekimbiwa, tunapitishiana chumvi, na hatujui ni sauti ya nani inayomgandisha nani. Hilo linanitisha kuliko msitu.

Tulipokwenda kumuaga afande, watu walihutubia kwa kipaza sauti, wakataja ushujaa wake. Mama alingoja wamalize. Akachechemea kwa mguu wake ule hadi kwenye jeneza, akainama, akasema polepole kama mtu anayeongea na jirani wa upande wa pili wa ukuta: “Afande, samaki yako inapoa.”

Akasimama pale muda, akisikiliza. Nami nikajikuta nasikiliza. Jumamosi hii tunapanda tena, na wameniomba nitembee nyuma. Ninaogopa sana, lakini nitakwenda, kwa kuwa yule mzee amenifundisha kwamba aliyepotea kwa hofu haitwi kwa kelele. Anaketiwa karibu na kuambiwa chakula chake bado kipo.