Mashine Niliyoiagiza kwa Picha

Mwanangu Pendo, hebu weka simu hiyo pembeni kidogo. Nakumbuka siku ile vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mpaka leo lori likipigwa resi hapo barabarani, nageuka kutazama mlango uko wapi. Jana ulinionyesha mashine ya kukoboa mpunga, ya bluu, inang'aa, ukasema ukibonyeza tu inaletwa mpaka mlangoni. Niliinuka nikaenda jikoni, ukadhani nimenuna. Sikununa, mwanangu. Niliogopa. Na kukueleza sababu naogopa zaidi, maana ndani yake mna jambo ambalo baba yako alikufa hajalijua.

Miaka hiyo soko lilikuwa limefunguliwa. Kabla ya hapo, kupata mashine ilikuwa vibali na barua za ofisini, unasubiri mpaka mvi zinaota. Ghafla kila mtu akawa mfanyabiashara. Hapa Kisesa akawa anapita bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, mkononi kitabu cha picha za mashine. Unachagua picha, unatuma hela Dar es Salaam, mzigo unakuja kwa treni mpaka stesheni ya Mwanza. Unaona sasa? Hiyo simu yako ni kitabu kilekile, kimebadilisha shati tu.

Na Mwanza mjini alikuwepo Mzee Masanja, mwenyeji wa Misungwi, muuza mashine wa siku nyingi. Mzee huyu alikuwa na kanuni yake. Ukitaka injini kwake, unakuja na debe la mahindi yako mwenyewe, unaiwasha kwa mkono wako, unasaga, unazima. Mara tatu, uani kwake, yeye amekaa kwenye kigoda anakutazama. Ukishindwa kuzima, injini inarudi ndani, na hela yako haigusi.

"Mayu," aliniambia, maana Wasukuma tunamwita hivyo mwanamke tunayemheshimu kama mama, "kuwasha hata mlevi anawasha. Mimi nionyeshe unavyozima."

Nilikuwa nimekubeba mgongoni, unalia, jua linachoma mawe. Nikaona mzee ananichezea. Halafu bei yake ilikuwa juu kuliko ya kwenye kitabu. Nikamwambia nitarudi, moyoni nikasema sirudi ng'o. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, lakini nani anawasikiliza wahenga akiwa na miaka ishirini na minne na kichwa kigumu kama changu?

Nikachagua picha kwenye kile kitabu, nikatuma hela, na mashine ya kusaga ikaja ndani ya kasha, na karatasi yenye maandishi ambayo Kisesa nzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Fundi wa hapa, aliyezoea injini za zamani, akaifunga kwa kubahatisha. Siku mbili ikasaga vizuri. Wanawake walitoka mpaka huko njia ya Magu na mahindi yao kichwani, na mimi nikatembea kifua mbele.

Siku ya tatu baba yako alikuwa amekwenda kutafuta mahindi, fundi naye ameshaenda zake. Nikachungulia oili, nikaiona chini ya nilivyotarajia. Sasa sikia ujinga wa mama yako. Kwetu mgeni hapewi nusu sahani; unampakulia mpaka aseme basi. Nami ile mashine niliiona mgeni wangu. Nikaimiminia oili mpaka ikafika mdomoni, nikafuta kwa kitambaa, nikaridhika kabisa. Kisha nikakulaza juu ya magunia matupu nyuma ya mashine, kwa sababu ulikuwa umesinzia na pale palikuwa na kivuli. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi michache.

Nikawasha. Nikasaga debe la kwanza, nikasaga la pili. Halafu sauti ikaanza kupanda. Sikuwa nimegusa kitu. Ilipanda, ikapanda, moshi mweusi ukajaa chumba, sakafu ikatetemeka mpaka nikaisikia kwenye meno. Nikakimbilia koki ya dizeli, nikaifunga. Injini haikusikia. Nimeikatia chakula, nayo inazidi kukimbia! Pendo, mimi nimeona chatu ndani ya nyumba, nimeona radi ikipiga ng'ombe, lakini kitu unachokizima kikakataa kuzimika, hicho sijapata kuona mfano wake. Sikujua kwamba ilikuwa inakunywa ile oili niliyoijaza.

Mkanda ukachomoka, ukapiga ukuta. Wanawake wakatupa madebe, wakatoka mbio. Na mimi nikatoka.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Umekua ukiambiwa na watu wa hapa kwamba mama yako aliingia ndani ya moshi akakutoa. Kweli niliingia. Lakini kwanza nilikimbia. Nilitoka mlangoni, nikavuka mtaro, nikafika barabarani, nimejishika kichwa, na akilini mwangu hukuwemo. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi mwenyewe alikuwa barabarani. Ni mama mmoja mteja, hata jina lake sikulijua, aliyenishika bega akaniuliza taratibu, "Mtoto yuko wapi?"

Sijui nilirudije. Ninachokumbuka ni kutambaa kando ya ukuta, macho nimeyafumba kwa moshi, nikipapasa magunia, gunia tupu, gunia tupu, mpaka mkono ukagusa mguu wako. Hukuwa unalia. Nilidhani umekufa. Nilikuvuta kwa ule mguu mmoja kama mtu anavyovuta kuku, nikatoka nawe, na tulipofika kwenye mtaro ndipo ukafungua mdomo ukalia.

Hatujakaa vizuri, injini ikapasuka. Kishindo kimoja, kisha kimya. Tulipoingia baadaye tukakuta kipande cha chuma kimetoboa magunia uliyokuwa umelalia, kikatoboa na bati la ukutani. Nilikitazama kile chuma, nikarudi nje kukupapasa mwili mzima.

Kumwandikia bwana wa viatu vya kung'aa? Niliandika barua tatu. Kimya. Baba yako aliporudi, watu walimpokea na sifa za ushujaa wangu, na mimi nikanyamaza.

Baada ya wiki mbili nikapanda kwenda mjini kwa Mzee Masanja, aibu imenijaa. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Nilimweleza yote, hata ya barabarani, ni yeye peke yake niliyewahi kumwambia. Nilingoja anicheke. Hakucheka.

"Ilipokataa kuzimika, ulimwita nani?" akaniuliza.

"Hakukuwa na mtu wa kumwita, baba."

"Basi ulinunua chuma kitupu," akasema. "Mimi bei yangu ina mguu wangu ndani yake. Ukiniita nakuja."

Akanipeleka uani, akanionyesha mstari wa oili, usiovukwa hata kidogo. Akanionyesha na mdomo ambao injini hupumulia, na namna ya kuuziba kwa ubao uliofungwa gunia bichi, maana ukiinyima pumzi, hata ile iliyopandwa na shetani inakufa. Kwa mkono mtupu usithubutu. Alinirudisha tena na tena mpaka nikaweza kuizima bila yeye kunisemesha. Mashine iliyokusomesha nilikuja kuinunua kwake.

Sasa sikukatazi simu yako. Dunia imekwenda mbele, na wenye maduka wa hapa mjini nao si malaika. Wapo wanaopaka chuma cha zamani rangi mpya wakakuuzia bila haya. Ninachokuomba ni hiki. Usinunue mashine usiyoiona ikiwashwa na ikizimwa, na uizime wewe mwenyewe. Kabla hujabonyeza, uliza nani atakayekuja siku ikigoma, anakaa wapi, na vipuri vinatoka wapi. Ukijibiwa kwa namba ya simu tu, jua umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwenye duka la karibu anaweza kukuumiza bei, lakini utamkuta kanisani Jumapili, na yeye anajua utamkuta. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Na watoto wako, wajukuu wangu, wasilale karibu na mashine. Hata ikiwa mpya. Hata ikiwa imezimwa.

Nisamehe, Pendo. Miaka yote hii nilikuacha unishukuru kwa kitu nusu. Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akupe wateja waaminifu na mashine yenye utii. Na siku hofu itakapokukuta, kwa maana itakukuta, akujalie miguu ikimbilie kwa mwanao kwanza.