Kimbieni Mkiimba

Mwezi uliopita mama alikuja kwangu Gitega akapimwa, ikaonekana ana sukari. Dokta akasema dawa peke yake haitoshi, ni lazima atembee haraka haraka kila siku, mpaka jasho litoke. Mama alimsikiliza, akashukuru, akarudi kwake Muyinga. Tangu hapo, nikimuuliza kwenye simu kama anatembea, ananiuliza watoto wangu wamekula nini.

Basi Jumapili nikatoka Gitega bado giza, nimfuate. Njia nzima natafuta maneno. We msomaji humjui mama. Huyu ndiye aliyenikataza kukimbia njiani utotoni mwangu, leo mi ndiye nimwambie ashike barabara? Niliona wazi atakataa, na akikataa, ile sukari itammaliza.

Nilikuta mlango una kufuli. Nikakaa barazani kungoja. Kwa jirani walikuwa wanakaanga mandazi, na ile harufu ikanirudisha nyuma mara moja.

Zamani waliokaanga ni sisi. Mama alikaa na karai lake karibu na njia ya soko, mi nachota maji, naponda iliki, nafukuza kuku. Jioni, kazi zikiisha, tulicheza mpira wa majani ya migomba kwenye kiwanja cha mteremko juu ya mtaa. Aliyeupiga vibaya aliufuata mpaka bondeni, kwenye maharage ya watu, na kurudi na matusi ya mwenye shamba. Mama hakukataza mpira. Alikataza kukimbia njiani. Alikuwa akisema: "Ukikimbia, watu watauliza nini kinakuja."

Nataka kusema haki hapa, maana mi shule niliishia la sita na pengine sijui kupanga mambo. Wasichana wengi hawakucheza, na kila mmoja na sababu yake. Mwingine alibeba mdogo wake mgongoni. Mwingine hakuwa na nguo ya kumsitiri akiruka. Mwingine kaka zake walimcheka tu, ikatosha. Wazazi walisema ni dini, lakini shehe wa mtaa wetu binti yake alicheza, kavaa suruali ndefu chini ya gauni. Kwa mama haikuwa dini. Miaka ile ya vita Burundi ilikuwa bado mibaya, na mtu mzima hakukimbia bila sababu.

Halafu akaja mwalimu mpya, kijana kutoka Itaba, akataka wasichana wa kushindana mbio na shule ya Gasorwe. Tulijitokeza wachache. Mama alikubali kwa shingo upande, kwa sharti nikimbie uwanjani tu. Lakini siku moja uwanja ulijaa maji, mwalimu akatuambia tukimbie mpaka sokoni na kurudi. Hakuwa na ubaya. Pengine kwao mambo yalikuwa yametulia mapema.

Mbele yetu alikuwa msichana aliyekulia Tanzania, anakimbia kama mtu ambaye hajawahi kufungiwa mlango. Tukaingia sokoni tumenyamaza, tunahema, macho mbele. Mwenye butike ya kwanza, kiduka cha chumvi na sabuni, alituona, akavuta mlango wake. Wa pili akamwona wa kwanza. Nikasikia milango inafuatana, pa, pa, pa, na soko lote likaanza kukimbia, nyanya zinabingirika chini ya miguu yetu. Sisi nasi tulipoona watu wazima wanakimbia, tukaongeza mbio, maana tulidhani kuna kitu kweli.

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika mwiko wa mafuta mkono mmoja, na mkono mwingine mtoto wa jirani. Wa kwake mwenyewe, wadogo zangu, alikuwa amewasahau ndani. Watu walipojua ni siporo tu, michezo ya shule, walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka. Mandazi yote yalikuwa makaa.

Jioni mwalimu alikuja kuomba radhi. Nilijua siporo yangu imekwisha, nikajificha nyuma ya pazia nisikilize. Mama alimpa kiti na chai, akamngoja anywe kidogo. Halafu akasema:

"Mwalimu, bon, mi sikatazi. Lakini wakimbie wakiimba, tujue ni mchezo. Mtu anayekimbizwa haimbi."

Kuanzia kesho yake tulikimbia tukiimba, na wenye butike walitupigia makofi. Gasorwe walitushinda, niseme ukweli, sisi pumzi tulishaimaliza kwenye nyimbo. Sisemi kuimba na kukimbia kulianzia kwetu. Siku hizi Burundi nzima wanafanya hivyo, na labda walianza kabla yetu.

Nilikuwa hapo bado barazani nikasikia wimbo unapanda kutoka bondeni, sauti za wanawake na viatu vinapiga chini pamoja. Wakatokea kundi zima, vitenge na suruali za michezo, na katikati yao mama yangu, ushungi umekazwa kichwani, jasho linamtoka, mdomo wazi anaitikia.

Maneno yote niliyoyabeba kutoka Gitega yaliniisha.

"Umekuja kunipeleleza," akasema, anatafuta ufunguo.

Nikamuuliza mbona kwenye simu alinificha.

"Ningekuambia nini? Siku ya kwanza nilitoka peke yangu, nikafika pale kona, nikarudi. Miguu ilikataa. Hawa wakanipitia. Wanaimba, donc, basi nikaenda."

Tukakaa barazani tukanywa chai ya tangawizi bila sukari. Kile kiwanja cha mteremko hakipo tena, pamejengwa nyumba, na mpira wa migomba watoto wa leo hawaujui. Nasikitika kidogo. Lakini kijana mmoja akapita mbele yetu anakimbia peke yake, kimya, nyaya za simu masikioni. Mi nikageuka haraka kuitazama butike ya ng'ambo. Mwenyewe alikuwa anapima mchele, hakuinua hata kichwa.

"Huyo ameachwa na wenzake," mama akasema, akaendelea kupuliza chai.