Mdadisi Aliyerudi Kuuliza Upya

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Maswali anapiga hodi kwenye nyumba ambayo alikwisha kuimaliza siku nne zilizopita. Begani ana mkoba wa kitambaa, mkononi kishikwambi chenye ufa pembeni. Akikaribishwa haketi sebuleni na mzee mwenye nyumba. Anapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, kwa mkwe wa mzee huyo, mwanamke kiziwi wa miaka thelathini na mmoja, ambaye ameinamia cherehani na hana habari kwamba kuna mgeni.

Anamgusa bega, wanaamkiana kwa vichwa. Kisha anafanya jambo ambalo mwongozo wa kazi yake haulitaji kabisa. Anakigeuza kishikwambi ili mwanamke ajisomee maswali mwenyewe.

Mwanamke anasoma bila haraka. Wiki iliyopita ulifanya kazi kwa saa ngapi? Anachukua chaki ya kuchorea vitambaa na kuandika kwenye meza ya kukatia: 54.

Katika fomu iliyotumwa siku nne nyuma, jibu lake lilikuwa sifuri.

Mama Maswali, mwenye miaka arobaini na tisa, ni mdadisi. Huenda nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanafanya kazi gani, chini ya nani, na wanalipwa vipi. Majibu hayo ndiyo yanayogeuka takwimu za ajira zinazosomwa kwenye taarifa ya habari. Jina la utani alipewa na majirani, wala halimkeri.

"Hata binti yangu ananicheka," anasema. "Eti mama ukituuliza kama tumekula, tunasubiri kwanza utusomee majibu ya kuchagua."

Ameifanya kazi hii miaka kumi na saba, kwa mikataba ya miezi miwili mitatu. Mwaka jana alifanya kazi miezi mitano. Saba iliyobaki aliikaa nyumbani akiitazama simu.

"Nimeuliza maelfu ya watu kama ajira yao ni ya kudumu," anasema. "Mimi mwenyewe sijaionja hata siku moja."

Safari hii mlango umefunguka kidogo. Awamu hii ikiisha, mdadisi mmoja katika kundi lao la watu tisa ataajiriwa moja kwa moja kuwa msimamizi. Kipimo ni fomu safi. Ukishaifunga fomu na kuituma, halafu ukaomba ifunguliwe tena, mtambo unakuandikia kosa bila kuuliza ulikuwa na nia gani. Hadi wiki iliyopita alikuwa na fomu mia mbili na kumi na mbili, kosa hakuna. Wenzake walishaanza kumwita bosi, na yeye alikuwa hajawakataza.

Kosa lenyewe lilikuwa la dakika mbili. Mwenye nyumba, fundi cherehani wa siku nyingi, alijibu maswali ya watu wote wa nyumba yake. Alipofikiwa mkwe, mzee alipunga mkono. "Huyo andika hana kazi. Ni kiziwi, yupo tu." Mwongozo unataka mtu aliyepo nyumbani ajibu mwenyewe. Lakini Mama Maswali hajui lugha ya alama, na nyumba nne zilikuwa zinamsubiri. Akabonyeza, akaenda zake.

Siku mbili baadaye, nyumba ya tatu kutoka hapo, alimsifia mama mmoja kwa sare za shule za wanawe. "Kwa kiziwi hapo," akajibiwa. "Kwa kola hana mpinzani. Mzee macho yalishamwacha mkono, mwaka wa tatu huu."

Mama Maswali anasema alijisikia vibaya kama mtu aliyekutwa anasema uongo.

Ndiyo maana asubuhi hii amerudi. Mzee amewafuata chumba cha nyuma, na hafichi kwamba amekasirika.

"Cherehani yangu, wateja wangu, jina langu ndilo lililo ukutani," anasema. "Yeye ananisaidia tu."

"Shikamoo, baba," anasema Mama Maswali, maana salamu ilikuwa imesahaulika.

"Marahaba. Sasa ukiandika fundi ni yeye, mimi nitakuwa nani humo?"

"Kuna sehemu ya mstaafu, baba."

Mzee anamtazama mkwe wake, ambaye amesharudi kwenye kola yake, kisha anashusha pumzi.

"Andika basi. Ila uandike na kwamba nimemfundisha mimi."

"Sehemu ya hilo haipo, baba."

"Basi hicho kidude chenu kina upungufu," anasema mzee, na hapo hakuna wa kumbishia.

Msimamizi wa kundi, kijana aliye chini yake kwa umri, alimweleza wazi kwenye simu. "Moja inasameheka, dada. Zikizidi tatu, jina lako sitaweza kulipeleka juu."

Angeishia hapo, mambo yangekuwa shwari. Lakini roho ilimsuta, akazipitia fomu zake zote. Amekuta kumi na moja zinazofanana na ile: mtu yupo nyumbani, kajibiwa na mwingine. Yumo bibi aliyeandikwa hana shughuli, na kumbe analea watoto sita wa majirani kutwa nzima kwa malipo. Yumo kijana aliyepooza miguu, ambaye kaka yake alisema hawezi kitu, ingawa dirishani alionekana na redio iliyofumuliwa mapajani, bisibisi mkononi.

"Huenda watu kumi na mmoja wametoka jasho wiki nzima, mimi nimewaandika wamekaa bure," anasema. "Nilikuwa na haraka. Sina sababu nyingine."

Je, yuko tayari kumwaga unga wake mwenyewe?

"Usimamizi nautaka, nisikudanganye. Nina mtoto chuoni. Nikifikiria inaniuma hadi usingizi unakata." Anafunga zipu ya mkoba. "Lakini nikiwa msimamizi nitakuwa namkagua nani, kwa macho gani?"

Zimebaki siku sita kabla awamu haijafungwa. Amepanga nyumba mbili kila siku, nje ya zile za ratiba. Ameandika pia barua kuomba kila kundi lipewe mkalimani mmoja wa lugha ya alama. Haijajibiwa. Kuhusu mkataba ujao, anatumaini simu itaita.

Saa nne na robo yuko kwenye geti la nyumba ya pili. Kaka wa yule kijana wa redio anamfungulia nusu.

"Wewe si ulishamaliza hapa?"

"Bado, kaka. Nimemfuata mdogo wako."

"Yeye? Atakuambia nini?"

"Sijui," anasema Mama Maswali. "Sijawahi kumuuliza."