Tumbako ndiyo ilikuwa ruhusa yetu ya kukaa chini

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Jana mtu mmoja humu ameandika kwamba mafundi wa ujenzi wanavuta na kunywa kwa sababu hawana akili, na dawa yao ni semina. Imenikera hadi chai imenishinda.

Naomba nisimulie niliyoyaona mwenyewe Bukavu, wakati wa Wabelgiji. Siongezi chumvi. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, mtanivumilia.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kapita kwenye chantier, yaani eneo la ujenzi, ya nyumba ya ghorofa, kule mtaa wa Muhumba. Kapita ni msimamizi, ila msinionee wivu: matusi ya bosi yalianzia kwangu.

Lori lilimwaga matofali chini barabarani. Watu wanayapandisha mlimani kichwani, iwe jua, iwe mvua. Anayeijua Bukavu ananielewa.

Mmoja wao alikuwa Mugisho, mume wa dada yangu Faida. Alikuwa anakohoa. Si kikohozi cha mafua, ni kile cha kuinama na kushika ukuta. Na bado kiko chake cha tumbako hakitoki mdomoni! Mchana anaongeza kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Dada yangu akanijia analia: "Weye ndiye kapita. Umukataze! Nikibakia mujane, nitakwenda wapi na hawa batoto?"

Nikaongea na kikosi kizima, maana kumkataza mmoja katikati ya wavutaji ni kujisumbua. Kasiksi ilipungua bila vita, wake zao wakawa wanaleta uji mchana.

Tumbako ndiyo ilikuwa balaa, na sababu yake ndiyo hii.

Bosi wetu Mbelgiji alikuwa mvutaji. Akikuta mtu amekaa na kiko, anampita tu. Akikuta mtu amekaa mikono mitupu, huyo ni mvivu, anatukanwa, kesho haitwi kazini. Yaani ruhusa ya kupumzika ilikuwa moshi!

Walikuja wanaume wawili kutoka kijiji cha Miti, hawajawahi kuvuta. Hawakukaa sana, nao wakanunua viko. Sasa hapo unamwambia nani aache?

Mugisho ndiye aliyepata ujanja. "Shemeki, tuikale na kiko mu kinywa, bila moto."

Tukafanya hivyo. Kikosi kizima juu ya matofali, viko vitupu mdomoni, nyuso za watu wenye shughuli nzito. Nilicheka hadi machozi. Na kikohozi cha shemeji kikapungua, haki ya Mungu. Usiku dada akaanza kupata usingizi.

Asubuhi moja bosi akasimama mbele yetu. Hakuna moshi, hakuna harufu. Akachukua kiko cha Mugisho, akaingiza kidole. Baridi.

Nikamweleza kwamba watu wameacha tumbako, vifua vinapona. Mjinga mimi nilitegemea pongezi.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa kama hamuvute, munaikala hapa kufanya nini? Simama, kazi!"

Pumziko likafa hapo hapo. Hadi leo nikikumbuka nachukia.

Mugisho alijikaza kupandisha matofali bila kukaa, hadi siku alipoanguka njiani na mzigo. Kesho yake dada yangu akaja chantier na uji, na mkono wa pili ameshika tumbako aliyoinunua mwenyewe.

Nikamuuliza, "Yaya," ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "si weye ulilia nimukataze?"

"Nililia. Lakini mutu asiyepumuzika atakufa upesi kuliko huyu wa tumbako. Umuache avute, aikale kidogo."

Mugisho akawasha, akakaa. Bosi akampita tu.

Kifua kilimmaliza Mugisho kabla ya uhuru.

Kwa hiyo, wakuu, nimejifunza hivi: kabla ya kumnyang'anya mtu sigara au chupa, muulize anapumzika saa ngapi. Semina baadaye.

Wenye chantier leo mpo humu, nawajua. Fundi wako akikaa dakika kumi bila sigara mkononi, unamwambia nini? Jibuni bila kuzunguka.